Maneno Niliyoyabahatisha

Baba yangu mpendwa, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute hapo Mandawa mguu umepata nafuu, unafika shambani mwenyewe. Mama je, kifua kimetulia? Mimi mwili ni mzima, ila kuna jambo limenielemea, na kwenye simu nilishindwa kulisema.

Unakumbuka likizo ile nilivyokucheka, nikakwambia Kiingereza ulichotufundisha shuleni kwa kutukaririsha vitenzi ubaoni kimepitwa na wakati? Huku Ujerumani tulifundishwa Kijerumani kwa kuongea tu. Tuliigiza kununua mkate, kuuliza njia, kujitambulisha. Nikiuliza kanuni, mwalimu anatabasamu: "Ongea, Zuhura, sarufi itakuja yenyewe. Usichokielewa, kibahatishe." Nikasifiwa kwa ulimi mwepesi, nikapelekwa kufanya mazoezi ya uuguzi kwenye makao ya wazee.

Asubuhi moja nilikuta karatasi mlangoni kwa bibi ninayemhudumia. Nikaona neno kifungua kinywa, nikaona daktari. Nikabahatisha: ale kabla daktari hajaja. Nikamlisha mkate na maziwa, akanishukuru. Kumbe iliandikwa asipewe kitu mpaka daktari aje. Siku hiyo alikuwa anakwenda kupasuliwa nyonga. Upasuaji ukaahirishwa, akabaki na maumivu ya nyonga siku nne zaidi. Nikiingia, anageukia ukutani.

Msimamizi akanitaka niandike maelezo. Baba, mimi niliyekuwa nachekesha darasa zima, sikuweza kuandika sentensi mbili zilizonyooka.

Nikarudi kwa mwalimu. "Nifundishe kukanusha," nikamwambia. Akasema mtoto hajifunzi lugha kwa kanuni. Nikamweleza kwamba mama yangu alitoka kijijini Kiegei akiwa na Kimakua chake tu, akajifunza Kiswahili kwa kuuza ufuta sokoni Ruangwa, bila daftari. "Lakini soko lilimvumilia miaka," nikasema. "Mgonjwa hawezi kunisubiri hivyo." Tangu hapo ananibakiza baada ya kipindi, tunaandika vitenzi.

Sisemi njia yako haikuwa na kasoro. Tuliogopa fimbo, na hadi leo wengi wetu hatufungui kinywa mbele ya mgeni. Lakini ulijua neno dogo linavyoweza kumuumiza mtu, nami nikakudharau. Nisamehe, Baba.

Nisalimie Mama, kaka Issa na mkewe, na shangazi wa Nachingwea aliyenishonea gauni la safari.

Bibi amekwisha kupasuliwa, salama. Jana nilimwomba radhi, nikisoma maneno niliyoyaandika mwenyewe. Alisikiliza hadi mwisho, akanisahihisha kosa moja, kisha akanishika mkono akaniambia nisome tena.

Mwanao anayekuombea,
Zuhura