Kiungo wa Ufini Kwenye Tope la Ruhembe

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima hapa Ruhembe kwa Shangazi, ila nguo zangu zote ni tope. Jana jioni wakata miwa walicheza na timu ya Dar iliyoweka kambi Mikumi. Kiungo wao ni Mfini, anaitwa Mikko. Amecheza katika nchi nyingi, kisha goti likamweka nje mwaka mzima. Kocha alishamwambia: likigoma leo, unarudi kwenu.

Mvua ikashuka, hakuna aliyeondoka. Beki wetu akamkwatua Mikko, naye akaanguka vibaya. Tulisimama wote kumtazama, Bibi, huku mvua ikipiga majani ya miwa. Akainuka polepole, akaomba mpira, akapiga pasi ndefu iliyovuka uwanja na kutua mguuni mwa mwenzake kama imewekwa kwa mkono. Tukafungwa, na bado tukashangilia!

Mpira ulipokwisha Shangazi alimfuata na kanga.
“Pole, mwanangu. Linauma?”
Mikko akamwamkia kwanza. “Limenyamaza, Mama.” Kisha akajifunika kanga usoni, akalia, mtu mzima yule.

Nimekukumbuka sana. Mungu akutunze hapo Munisagara mpaka nije nikukumbatie.

Mjukuu wako,
Rehema