Kiti cha Mama kule Kibarani

Mdogo wangu Zuhura,

Salamu za Kilifi zikufikie na joto lake lote. Mama nimemkuta mzima hapa Kibarani kwa kaka, ila kurudi nami Lamu hataki, na sababu ni kiti. Wifi yetu Rukia alimpiga picha kila upande, kompyuta ikachora mwili wake na mgongo ulivyopinda, kisha mashine ikakata mbao zimkae sawasawa. Sasa hapo hapo hula, hapo hapo husinzia. "Kiti hiki chanijua," asema, mbele yangu mimi niliyemkanda mgongo ule kwa mafuta ya nazi miaka yote!

Leo alipokwenda kutawadha nikakikalia. Kilinichoma kiunoni, na Mama alivyo mrefu, miguu yangu ikaning'inia. Rukia akanifuma. Hakucheka, na afadhali angecheka! Akaniuliza kwa upole, "Wifi, wewe wakuuma wapi? Nikupime nawe?" Nikamjibu mimi siumwi na kitu.

Nibusie wanangu. Nawe niombee dua Rukia aniulize tena, maana kiuno hiki, mdogo wangu, hakinipi usingizi.

Dadako akupendaye,
Mwanaisha