Habari za Pijo la Baba

Olasiti, Arusha
23 Oktoba 1994

Mpendwa kaka Melkizedeki,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Kandida na watoto, na kwamba joto la Dar es Salaam halijawamaliza. Mguu wa wifi umepona? Mama ameniuliza mara nyingi nikakosa jibu, maana wewe ukipiga simu huwa huna nafasi ya mambo hayo. Huku kwetu kahawa inaiva, mvua zimeanza kuchokoza, na wazee wako wazima kwa namna utakayoisoma hapa chini.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imenishinda. Bosi wangu aliniambia kwanza kwa upole, halafu bila upole, kwamba simu ile ni ya ofisi. Kila ukipiga unataka kujua gari limefikia wapi, na mimi nimesimama mbele ya meza yake nakujibu ndiyo na hapana kama mtu aliye kizimbani. Sasa tafuta mahali ukae, usome yote.

Gari la Baba, lile Pijo, liko palepale kwa Loishiye, fundi wa hapa Olasiti, tangu lilipovutwa kutoka Nkoaranga baada ya kugonga ule mti wa mgrevilea, Baba na Mama wakiwa ndani. Upande wa kushoto wa mbele umeingia ndani, rejeta imepasuka, chesisi imepinda, na kuku wa jirani wameanza kutaga kwenye kiti cha nyuma. Loishiye ana maneno matamu. Nikipita asubuhi ananiambia jioni tunalinyoosha, dada Eunike. Nikipita jioni ananieleza kwamba tangu biashara zifunguliwe, maduka yote ya mjini yamejaa vitu vya Toyota na spea za Pijo hazionekani, ila yeye ana mtu wake Nairobi. Huyo mtu wa Nairobi simjui, lakini nimeshamchukia.

Baba mdogo Ezra naye anakuja kwangu kila Jumapili baada ya ibada. Akianza chai anasema gari likishagonga mti si gari tena, na kuna jamaa anayeleta magari mazuri kutoka Dubai. Chai ikifika nusu anakumbuka kwamba Pijo ndilo lililobeba maharusi wote wa ukoo, na kuliuza ni kutukosea heshima. Anapoaga huwa ameshakuwa pande zote mbili, na mimi ndiye ninayebaki na vikombe na mawazo.

Wewe ulishasema yako: Korola iletwe Krismasi, Baba aonywe juu ya kuendesha ovyo, na akionekana hawezi tena, nyumba ya mlimani ifungwe, wazee washuke kukaa hapa Olasiti. Sitaki kujifanya mwema. Mimi pia nilikuwa upande wako. Nilikwenda Nkoaranga kumbembeleza Baba zaidi ya mara moja, nikimweleza kwamba gari jipya ni jepesi, halinywi mafuta, na spea zake ziko kila kona. Jibu lake lilikuwa neno moja tu, kwamba Pijo litengenezwe. Nilipomwambia kuwa ukilileta atalizungusha kidogo mpaka kanisani ili wazee wenzake walione, aliinuka akaingia kwenye migomba bila kuaga. Nikamgeukia Mama, aliyekuwa akichambua kahawa, nikamwomba aseme chochote. Akasema nimuulize baba yangu. Niliteremka ile njia yenye utelezi nikiongea peke yangu kama mwehu.

Hivyo kama siku kumi zilizopita nikaamua kumaliza ubishi. Nilikwenda kwa Loishiye nichukue karatasi za gari, nimwambie alitafutie mnunuzi wa vyuma, na Baba anune atakavyo. Mvua ikanikuta hapo. Nikaingia kwenye kiti cha dereva nijikinge, na magoti yangu yakagonga chini ya usukani.

Kaka, unamjua Baba. Ni mtu anayeinama kuingia kwenye jiko la Mama. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele hadi mwisho, na juu yake kulikuwa na mto mdogo ulioshonwa kwa kitenge cha zamani cha Mama, kile cha zambarau. Nikamuuliza Loishiye nani amekisogeza. Akaniambia hakuna, kwani reli ya kiti ilipinda siku ya ajali na hakisogei mbele wala nyuma. Nikakumbuka jinsi Mama alivyolalamika maumivu ya kifua baada ya ajali, hata kukohoa hawezi, wakati Baba aliumia goti la kushoto tu. Nilikaa humo mpaka mvua ikakatika, hasira yote imenitoka, na badala yake imeingia hofu.

Jumamosi nikapanda mlimani. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Sikumuuliza kitu. Nilimwambia tu kwamba nimekalia kile kiti. Aliendelea kumenya mpaka ndizi aliyoishika ikaisha, akaiweka kwenye maji, akafuta kisu kwenye khanga.

"Nilikuwa naendesha mimi," akasema. "Baba yako haoni."

Akanisimulia huku akiendelea na ndizi zake, kama anayezungumza habari za jirani. Daktari wa macho aliwaambia tangu mwaka juzi kwamba ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Sasa anaona mwanga na vivuli tu. Wakakubaliana wasituambie. Baba akamfundisha Mama kuendesha, kwenye uwanja wa shule, alfajiri watu wakiwa bado ndani. Yeye alikaa kiti cha kushoto akisikiliza injini, akimwambia sasa badili gia, sasa punguza, na Mama akimwambia kuna ng'ombe, kuna kona, kuna mchungaji anatupungia mkono. Wakikutana na mtu Baba anapunga, hata asipomjua. Ndivyo walivyokuwa wakishuka mnadani na kanisani muda wote huu, na sisi tukisifu jinsi mzee anavyoendesha polepole siku hizi.

Siku ya ajali, tope liliwavuta kwenye mteremko na Mama akakanyaga breki kwa nguvu. Gari lilipotulia, Baba alitoka mlango wake akiwa na lile goti, akapapasa boneti akizunguka gari mpaka upande wa dereva, akamtoa Mama na kumkalisha kwenye majani, kisha akasimama pale ameshika mlango. Watu walipokuja mbio, wakamkuta yeye ndiye aliye mlangoni. Lawama zote alizopata, za wewe kumwita mzembe na za mimi kumwambia kwamba anatutia aibu, alizipokea kimya, kwa sababu Mama hana leseni.

Wakati tukizungumza, Baba aliingia. Aligusa mwimo wa mlango, akagusa meza, akakaa. Kaka, nimemwona akifanya hivyo mara nyingi mno, na sikuwahi kumwona. Alikuwa ametusikia.

"Usimwambie Melki," akaniambia. "Atatushusha. Hapa nikitoka nje najua niko wapi. Kule kwenu nitakuwa furushi linalosubiri watu watoke kazini."

Nikarudisha mazungumzo kwenye gari. Nilimuuliza, kwa ukali ninaoujutia, sasa Pijo alitaka litengenezwe la nini. Akasema ndilo gari analolijua kwa sauti, na ndilo Mama alilojifunzia. Jipya likija mtamtaka aliendeshe mbele ya watu, na siri itakwisha hapo hapo uani.

Mama akaweka kisu chini. Akauliza mbona tangu ajali mafundi wameulizwa, Ezra ameulizwa, mtu wa Nairobi ameulizwa, na yeye anayeendesha hajaulizwa. Akasema usukani wa Pijo ni mzito, unamvunja mabega, na bila mto haoni mbele. Yeye anataka gari dogo, laini, analoweza kuona mwisho wa pua yake.

Baba akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ajali. Akasema magari ya Japani hayana sauti, yeye atajuaje gia.

"Nitakuwa nakuambia mimi," Mama akamjibu.

Kwa hiyo kaka, Pijo linauzwa. Nimeshamwambia Loishiye, naye ameshaanza kunipa maneno matamu ya upande huo. Ezra nimemwambia leo, akanywa chai mpaka mwisho bila kubadili upande. Mama yuko kwangu siku za kazi tangu Jumatatu, anasoma udereva mjini apate leseni yake halali, na jirani yetu wa mlimani, Ndeshi, anamwangalia Baba. Mwalimu wake anasema anaendesha vizuri, ila kila akibadili gia anageukia kushoto, kama anayesubiri kuambiwa.

Sasa lililo zito. Niliwaahidi wazazi, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wa Baba, kwamba sitakuambia. Leo nimevunja ahadi hiyo na nimekuambia yote, kwa sababu wewe ndiye wanayemwogopa, na sikuona namna nyingine ya kukufanya usiogopwe. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mimi. Lete gari, liwe dogo, na kadi yake iandikwe jina la Mama. Neno la kuwashusha mlimani usilitamke, si Krismasi hii wala siku nyingine, mpaka waliseme wenyewe.

Na ukifika nyumbani, usisimame uani ukitabasamu na kusubiri akuone, kama ulivyofanya Pasaka, halafu ukaniambia mzee amekuwa na kiburi siku hizi. Nenda mpaka alipo, umshike mkono, na utangulie kusema jina lako.

Nisalimie wifi, na uwabusu watoto. Mama angewatumia ndizi kama kungekuwa na mtu wa kuzibeba. Mungu awalinde nyote barabarani mtakapokuja.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Eunike