Tumbaku ya Mama Mkwe

Jumapili, 4 Aprili 1954

Treni ya Mwanza imepita. Nimejaza daftari la mizigo, nikaenda bustanini. Hakuna kitu. Wiki ya tatu sasa. Mkaguzi wa reli aligawa pakiti moja ya mbegu za maua kwa kila stesheni, petunia, na mwezi wa saba atapita kuona ipi imependeza. Stesheni yetu, Isaka, haijawahi kutajwa hata kwa bahati mbaya. Nataka itajwe. Nilizifukia kwenye mfereji kama mtama. Imebaki nusu pakiti.

Kesho anakuja mama mkwe. Mke wangu Kabula anakaribia kujifungua. Mama mkwe hanipendi. Alitaka mkwe Msukuma mwenye ng'ombe, akapata karani wa Pangani mwenye baiskeli.

Jumatano, 14 Aprili

Kachukua mbegu zangu. Kaziangalia kiganjani, kazichanganya na majivu, kazinyunyiza juu juu ndani ya debe lililokatwa, kafunika na nyasi. Haya nimeyapata kwa Kabula, maana mimi na mkwe ni shikamoo ya mbali tu, macho chini. Nimekasirika sana.

Jumatatu, 26 Aprili

Zimeota. Debe zima.

Kabula kanieleza huku akicheka. Mama yake anadhani ni tumbaku. Mbegu ndogo vile, vijani vinavyonata, itakuwa nini tena? Bombani kawaambia wanawake wote kwamba mkwe wake ni mtu wa pwani lakini kampandia tumbaku ya ugoro. Leo kapika kuku. Firigisi nimepewa mimi. Sasa nitamwambiaje?

Jumanne, 18 Mei

Mtoto wa kike. Wote wazima. Tumempa jina la bibi yake, Milembe. Sikumwagilia.

Jumapili, 20 Juni

Nilihamishia miche arobaini kando ya jukwaa. Leo mitatu imechanua, nyekundu na zambarau, midomo wazi kama tarumbeta ya gramafoni. Mama mkwe kasimama kutazama, mjukuu mgongoni. Akamkaza mtoto kwa kanga, akaingia ndani. Mkaguzi anakuja tarehe 15.

Jumatano, 30 Juni

Nimetoka zamu nikakuta vichwa vyote vimekatwa. Vyote. Ndivyo wanavyoifanyia tumbaku, ili majani yanenepe. Nimezunguka tangi la maji ya injini mara tatu nisije nikasema neno. Kumgombeza mkwe haiwezekani. Nimemwomba Kabula aseme yeye.

"Aliyekula firigisi ni nani?" kanijibu.

Sijala chakula cha jioni.

Jumapili, 11 Julai

Kila shina lililokatwa limetoa matawi manne, matano. Matumba ya maua sihesabu. Nimekula vizuri.

Alhamisi, 15 Julai

Mkaguzi kashuka. Alisimama kwenye maua hadi injini ikapiga filimbi mara mbili. Akauliza nani alinifundisha kukata vilele. Nikamwonyesha mama mkwe. Akavua kofia. Kasema tangu Tabora hajaona maua kama haya, na katika ripoti yake Isaka itatajwa ya kwanza.

Jioni nimeona haya kubeba sifa juu ya uongo. Nikamtuma Kabula ndani akaseme kweli. Jibu likaja kupitia ukuta, kwa Kiswahili, ili nisikie.

"Mwambie Baba Milembe tumbaku nimeilima tangu nikiwa binti. Nilisugua jani siku alipohamisha miche, halina ukali hata kidogo. Nilikata kwa sababu ilikuwa imekonda. Ila bombani nilishasema ni tumbaku. Nimwaibishe mkwe wangu?"

Nimekaa kibarazani nikicheka peke yangu. Nimefurahi kuliko kwa maneno ya mkaguzi.

Jumanne, 27 Julai

Mama mkwe kaondoka na treni ya asubuhi. Kabeba mche mmoja kwenye kopo, kaupakata njia nzima hadi kwenye behewa. Atarudi Milembe akianza kutembea.

Dereva wa lori kaniletea mbegu kutoka Kahama. Nimezichanganya na majivu, nikazinyunyiza juu juu ndani ya lile debe, nikafunika na nyasi.

Kabula kauliza ni maua gani tena haya. Nimemwambia si maua.