Kombi Yenye Kitanda

Temeke Mikoroshoni,
Dar es Salaam.
12 Oktoba 1977

Mpendwa kaka Anselmo,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. U hali gani huko Mwanza? Wifi Margareta na watoto hawajambo? Yule mdogo, Adelina, ameshaota meno? Sisi huku tunapumua. Mume wangu Albano anakohoa vumbi la mpingo lakini bado anachonga, nami bado naingia zamu ya asubuhi kiwandani. Mama ukimuuliza mwenyewe atakwambia hajambo. Ukiniuliza mimi, hali yake si nzuri, na ndiyo sababu ya barua hii.

Tangu Pasaka hawezi kukaa. Ile nyonga aliyovunjika kule Newala, ukamleta mjini atibiwe, haikuunga vizuri. Sasa ni kulala tu na kutazama dari. Kila asubuhi anauliza lini atapelekwa kwao. Anataka kufia Newala, kaka. Nimeandika neno hilo nikalifuta mara mbili, lakini ndivyo anavyosema.

Kwa basi haiwezekani. Mtu asiyeweza kukaa utamweka wapi, juu ya mizigo? Nimezunguka kutafuta gari mpaka soli ya kiatu imeachana nami. Mwisho nikafika Kawe kwa Mzee Sadallah, fundi wa magari. Ana kombi aliyoachiwa na Wazungu waliomaliza mkataba wao, naye anaikodisha. Ndani mna kitanda, jiko dogo, tangi la maji na mapazia ya maua. Nililala kwenye kile kitanda kukijaribu, nikaangua kilio, mzee wa watu akadhani nimejigonga.

Mpango ni huu. Siku ya kwanza tuvuke Rufiji kwa pantoni tulale ng'ambo, ya pili tufike Lindi, ya tatu Masasi, ya nne tupande Newala. Tutapika njiani na Mama hatashuka mpaka mlangoni kwao. Lakini lazima iwe mwanzoni mwa Novemba. Mvua ikishafunga barabara ni mpaka Juni, na Juni Mama hafiki.

Mwanzo nilipanga Jumapili baada ya misa, ili padri abariki gari. Miaka yote hii mjini, nikasahau kuwa Jumapili ikifika saa nane mchana magari yanasimamishwa kubana mafuta! Tungelala Kibiti na mgonjwa, na askari juu yetu. Sasa ni Jumatatu tarehe 7, alfajiri.

Balozi wetu wa nyumba kumi naye alinitoa jasho. Barua ya safari lazima ionyeshe tutafikia kwa nani kila siku. Nikamwambia tutalala ndani ya gari.

"We Yustina," akasema, "anayelala garini si msafiri, ni mzururaji."

Nikamshika mkono mzee mzima, nikamwingiza chumbani kwa Mama. Alimtazama, akatoka, akaandika bila kuuliza tena.

Amebaki dereva. Mzee Sadallah hatoi gari kwa mtu asiyeijua barabara ya kusini, nawe umepeleka malori njia ile miaka sita. Albano wangu unamjua, hata baiskeli ndiyo inayomwendesha yeye. Na hata apatikane mwingine, Mama hamtaki. Anasema aliyemtoa ndiye amrudishe, na unga wa mtama wa kufungua safari umwagwe mlangoni na mtoto wake wa kwanza, kama desturi ya kwetu.

Najua alikwambia usimwonyeshe uso wako tena. Ulimwahidi kumrudisha, kisha ukaja kumuaga unahamia Mwanza, akasema kwa uchungu. Nilikuwepo, nikanyamaza. Najuta mpaka leo.

Sasa nikuungamie jambo. Wiki iliyopita alikataa hata uji, siku tatu nzima. Nilichanganyikiwa, kaka. Nikachukua karatasi ya mapatano ya kombi, nikakaa kitandani kwake nikamsomea kama barua yako. Nikasoma kwamba unaomba radhi, na kwamba unakuja kumpeleka mwenyewe. Kusoma hajui. Alinisikiliza, akaniambia nirudie. Nikarudia, nikiogopa nisije nikabadilisha maneno. Kisha akaomba uji, akamaliza bakuli.

Tangu hapo karatasi iko chini ya mto wake. Mzee Sadallah anaidai, nami sina moyo wa kuichomoa. Mahali pa jina la dereva bado pako wazi.

Kaka, usinigombeze. Njoo kwanza, utanigombeza njiani.

Msalimie wifi Margareta, mbusu Adelina, na jirani yenu kaka Gaudens mwambie Albano anamkumbuka. Mungu akufungulie njia na akutunze reli nzima. Mama naye anakusalimu. Amenituma nikwambie barua yako imefika, na kwamba amekusamehe.

Mdogo wako akupendaye na anayekungoja,
Yustina