Bluzi ya Mihayo Pale Nyakato

Prudencia, soma hii sasa hivi. Bado natetemeka kwa kicheko.

Leo mzee wangu Mihayo kapiga kinanda chake cha mdomo barabarani, nje ya kiwanda Nyakato. Kile cha mtumba cha mwaka tisini na tatu! Sasa anakipigia kwenye spika ya betri. Aliapa asipopata hata msikilizaji mmoja, anakigawa.

Unajua bluzi zake, zile nyimbo za huzuni, zinavyolia. Mimi nilikaa chini kando yake, kanga kichwani kwa ajili ya jua. Mara mama mmoja akavua ndala, akakaa karibu yangu kimya. Akaja wa pili. Wakafika sita!

Mmoja akaninong'oneza, "Pole sana, mama. Marehemu ni nani?"

Marehemu! Prudencia, MAREHEMU!

Ningesema hakuna, wangeondoka, na Mihayo alikuwa amefumba macho kwa raha. Nikainamisha kichwa tu. Yule mama akanishika mkono, mwingine akanipa maji yake ya kunywa. Watu wema jamani, mpaka nikalia kweli. Na wao wakalia.

Wimbo ulipoisha, mzee akafumbua macho, akawaona wote wanajifuta machozi.

"Ng'washi mke wangu, nimewaliza!"

Kesho anataka twende Buswelu, na spika kubwa zaidi. Nani atamwambia? Mimi siwezi.