Ugomvi Wako na Mama Ndunge

Mwaitu,

Mama yangu, umetundikwa ukutani Machakos mjini, na watu wanasimama mbele yako mpaka wanaziba njia.

Tangu tukuzike hapa Kithimani nilikuwa sijagusa kamera. Ningempiga nani? Zamani nilikuwa najificha nyuma ya vibanda sokoni, niwapate watu bila wao kujua, na wewe ukanicheka. "Unawinda watu kama kwale? Niambie unataka nini, nitakufanyia." Na ukafanya. Ukawa mama anayepepeta ndengu, mama anayetazama mawingu, mama aliyepigiwa simu ya habari mbaya. Hiyo ya simu karibu niache kamera nije nikushike. Ukafungua jicho moja: "Umepata? Ama nilie tena?"

Lakini inayowasimamisha watu ni ile ya mferejini. Wewe na jirani yako Mama Ndunge mnagombania mtungi wa maji. Ulipanga yote mwenyewe: foleni nyuma yenu, leso yako imelegea, maji yamemwagika. "Nikasirikie vizuri, wacha kucheka," ukamwambia. Alicheka asubuhi nzima, mpaka ukamvuta kando mkaongea. Aliporudi alikuwa na uso mwingine. Nikapiga.

Nilipopeleka picha zetu Machakos, msimamizi wa maonyesho aliipenda hiyo mara moja. Akataka tuandike chini kwamba nilikuwa napita tu, nikawakuta. Nikamwambia hapana, tuliipanga. Kisha akasema maonyesho yake ni ya maisha halisi, picha za kuigiza zinaweza kukataliwa, afadhali jambo hilo libaki kati yetu.

Mwaitu, nilitaka sana ukuta ule. Lakini nilikukumbuka juani, unawapanga watu, unamwondoa huyu, unamsogeza yule... kazi yote hiyo iitwe bahati yangu? Nikamwambia, "Kama jina la mama yangu haliingii, nazirudisha nyumbani." Nikaanza kuzifunga kwenye shuka.

Alinifuata hadi mlangoni. Sasa chini ya kila picha kumeandikwa: Imepangwa na kuigizwa na Kalondu. Imepigwa na Mwende, binti yake.

Siku ya kufungua nilikwenda na Mama Ndunge, amevaa nguo yake ya kanisa. Mwanamke mmoja, hajasoma maandishi ya chini, akamwuliza kwa upole kama mlipatana kabla hujafariki.

"Sisi? Hatujawahi kukosana hata siku moja," akasema. "Hapo alikuwa ameniambia nifikirie siku nitakuja kuchota maji na yeye hayuko. Nikamkasirikia kweli."

Mimi nikageukia dirisha. Mama Ndunge hakulia, alinyoosha shingo, akakuonyesha kwa kidole, akawaambia kwa sauti ya kujivuna, "Huyo ndiye alikuwa anatuongoza. Sisi wengine tulikuwa tunafuata."

Nimerudi kazini. Akina mama wa kanisa wanataka tupige picha za harusi ya kuigiza, na bibi harusi ni Mama Ndunge mwenyewe. Bwana harusi tunamtafuta bado, kila mzee anaogopa mke wake.

Nakuahidi, mwaitu: sitamvizia mtu tena. Kila atakayesimama mbele ya kamera yangu atajua kwa nini amesimama, na jina lake litaandikwa. Pumzika sasa. Jua limekaa vizuri, na wananiita nje.

Binti yako,
Mwende